Kijiko cha Mashanza

Ukitaka kumkasirisha Adélaïde, muulize kama maziwa yake yametiwa maji. Hatakujibu. Atakutazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, atafunika bidoni lake, lile dumu la maziwa, atamgeukia mteja wa nyuma yako, na wewe utarudi nyumbani na kikombe kikavu. Watu wa mtaa wa Nguba wamekwisha kumjua, kwa hiyo hawaulizi. Asubuhi wanakuja na chupa zao mpaka kwenye kibaraza chake, kando ya barabara inayoteremka ziwani, wanamsalimu kwa adabu, kisha wanangoja zamu.

Anauza mashanza, yale maziwa mazito ya kuganda ambayo Bukavu nzima inayajua. Maziwa yenyewe yanatoka Mudaka kwa binamu yake, yanafika kwa pikipiki kabla jua halijapata nguvu. Adélaïde huyapokea kwa pua kwanza. Ananusa, anafumba macho, ananusa tena. Yakimtia shaka, yanarudi Mudaka kwa pikipiki ileile, hata kama siku hiyo hatauza kitu. Je, ana kiburi? Anacho, tena kingi, na kimemfaa. Mumewe alipofariki, kiburi hicho ndicho kilichomsomesha binti yake, Fanny, mpaka akamaliza shule, kwa sababu hakuna mteja aliyethubutu kumwambia mjane huyu kwamba mashanza ya mwingine ni bora.

Lakini hadithi hii haihusu kuuza maziwa. Inahusu mwaka ambao Adélaïde alikataa kuyanywa, na mashine iliyomtaka ayanywe.

Fanny aliolewa na mchimbaji wa dhahabu, akamfuata Luhwindja, milimani. Huko akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Elysée. Mtoto huyo alipokuwa ameanza kutembea, mpox, ile ndui ya nyani, ikaingia kwenye vibanda vya wachimbaji. Vipele vilimjaa Elysée usoni, viganjani, na vibaya zaidi, kinywani na kooni. Adélaïde alipopata habari alifunga kibaraza, akachukua bidoni dogo la mashanza na kupanda gari la kwenda milimani. Aliyekuwa akimwambia akae mbali na ugonjwa alikuwa akipoteza mate yake bure.

Siku zote za ugonjwa alimlisha mjukuu wake kwa kijiko kidogo cha chuma. Mtoto alikuwa akilia kila kilipogusa kidonda, naye alikuwa akingoja, anapuliza, anajaribu tena. "Funua kinywa, baba. Kidogo tu. Moja ju ya koko, bibi yako." Mara nyingine tone lilipita. Mwishoni halikupita hata moja. Elysée alifariki kifuani mwa bibi yake, nyuma ya kituo cha afya, katika juma la mwisho la Kwaresima. Vitu vyake vilichomwa moto kama wauguzi walivyoagiza. Kijiko tu kilichemshwa na kubaki.

Siku chache baadaye vipele vikamtokea Adélaïde mwenyewe. Aliugua, akavimba, akatapatapa kwa homa, kisha akapona. Ngozi ilibaki na makovu madogo ambayo hayafichi wala hayazungumzii. Alirudi Nguba pamoja na Fanny, aliyekuwa ameomba kukaa kwa mama yake kwa muda. Muda huo ukakaribia mwaka. Fanny alikuwa akifua, akipika, akiosha mabidoni, akienda misa. Maneno ndiyo aliyoyaweka kando. "Ndiyo, mama." "Hapana, mama." Jina la mtoto hakulitaja hata mara moja. Mumewe alikuwa akiteremka kutoka machimboni kila alipoweza, anakaa naye kwenye benchi, halafu anarudi kazini akiwa hajasikia zaidi ya salamu. Adélaïde aliwahi kuona kile kijiko kimefungwa ndani ya nguo za binti yake. Akafunga sanduku polepole na hakuuliza.

Mtu aliyepona wakati mtoto hakupona hubaki na swali, na swali la Adélaïde lilikuwa wazi: mwili wake ulijua nini ambacho mwili wa Elysée haukukijua? Alimuuliza Mungu, alijiuliza mwenyewe, na siku moja akamuuliza mwanamke aliyefika kibarazani bila kikombe.

Huyo alikuwa Dokta Mélanie, mzaliwa wa mjini hapahapa, mwenye sauti ya chini na viatu vyenye tope. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja ya utafiti iliyo juu ya mteremko, na alikuwa akitafuta watu waliopona mpox. Adélaïde alipomtupia swali lake, daktari hakujifanya anajua.

"Njo kitu tunatafuta, maman. Bado hatuyajua muzuri. Pengine jibu iko mu damu yako."

Akamweleza kuhusu aferesi. Damu inatoka kwenye mkono mmoja, inaingia katika mashine, inazungushwa. Zile chembe nyeupe, askari wa mwili, zinatengwa na kukusanywa katika mfuko mdogo. Damu nyingine yote inarudi mwilini kwa mkono wa pili. Wataalamu watazichunguza hizo chembe na kuona jinsi zilivyopigana.

Adélaïde alifikiri kidogo. "Sawa na siagi," alisema. "Unatikisa maziwa, siagi inajikusanya, unaitosha pembeni, maziwa ingine inabakia."

"Sawa na siagi," daktari akakubali, akacheka, na tangu siku hiyo amekuwa akiwaeleza wengine hivyohivyo.

Mtaani maneno yalikuwa mengi, maana Nguba haikosi watu wa kutia chumvi. Wengine walisema damu inapelekwa Ulaya kwa ndege. Wengine walisema mtu akizungushwa damu anapata kizunguzungu cha maisha. Adélaïde aliwasikiliza akiwa anapima mashanza, kisha akawaambia kwamba mwenye kuogopa abaki na damu yake, hakuna aliyemwomba. Wakanyamaza, maana walihitaji maziwa.

Kabla ya siku ya mashine kufika, Kwaresima ilianza. Siku ya Majivu, wakitoka kanisani na alama ya msalaba kwenye paji la uso, Adélaïde alisema njiani, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba mpaka Pasaka hatakunywa maziwa. Si mashanza, si maziwa ya chai, si tone. Yule mtoto alikuwa ameondoka na kiu ya maziwa, naye ataibeba kiu hiyo pamoja naye.

Fanny alikuwa akitembea hatua moja nyuma. Alisimama.

"Miye pia," alisema. "Tutaibeba pamoja, mama."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno machache. Kwa Adélaïde yalikuwa kama mtu aliyefungua dirisha katika nyumba iliyofungwa karibu mwaka mzima. Hakugeuka, asije akamwaibisha binti yake kwa machozi. Lakini jioni ile walikunywa chai ya rangi pamoja, na Fanny akasema kwamba tangawizi imezidi. Kesho yake akasema neno jingine. Adélaïde aliyahesabu moyoni, akaanza kuishika nadhiri ile kwa mikono miwili.

Ndipo siku ya mashine ikafika.

Nyumba ya utafiti ilikuwa safi, na jenereta lilikuwa likinguruma nje ili umeme ukikatika kazi isikatike. Mwuguzi aliyeitwa Jacques, kijana mrefu mwenye mikono laini, alimkalisha kwenye kiti kirefu cha kuegemea. Akamuuliza kama amekula. Adélaïde alikuwa amekula viazi, akasema amekula.

"Na maziwa, ulikunywa? Docteur aliomba mukunywe maziwa mbele ya kuya hapa."

"Jacques," Adélaïde akamjibu kwa ukali kidogo, "miye nauzishaka maziwa."

Jacques akaona aibu kwa kumuuliza mama wa mashanza swali la namna hiyo. Akampa vidonge viwili vikubwa vya kutafuna.

"Iko na nini ndani?"

"Calcium, maman. Ile kitu iko mu maziwa."

Masikini Jacques, hakujua alichosema. Alipogeuka kuchukua sindano, Adélaïde aliweka vidonge kinywani, akavitoa, akavifunga katika pindo la kitenge chake. Alifanya hivyo kwa dhamiri safi kabisa. Nadhiri ilisema hakuna maziwa, na yeye si mwanamke wa kumzunguka Mungu kwa mlango wa duka la dawa.

Mashine ikaanza. Damu yake ikapanda kwenye bomba jembamba, nyekundu, akaitazama ikizunguka na kurudi, akaona ni kazi nzuri. Mikono yote miwili ilikuwa imenyooshwa, sindano huku na huku, haruhusiwi kuikunja. Kitu ambacho hakuambiwa kwa namna ya kukielewa ni kwamba mashine ile hutia dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo hukamata calcium ya mwilini. Mwanamke aliyeishi kwa kugandisha maziwa akawa anaumwa na dawa ya kuzuia kuganda.

Midomo ilianza kumwasha kama mtu aliyekula pilipili. Hakusema. Ganzi ikashuka kidevuni. Hakusema. Akaanza rozari kimoyomoyo, na alikuwa bado katika mafumbo ya uchungu wakati vidole vyake vilipojikunja vyenyewe na kukataa kunyooka. Jacques aliviona, akaruka. Akasimamisha mashine, akarudisha damu iliyobaki, akamwita daktari, akalegeza kitenge ili mama apumue vizuri. Fundo likafunguka. Vidonge viwili vikadondoka sakafuni na kubingirika mpaka kwenye kiatu cha Dokta Mélanie.

Walimpa dawa kwenye mshipa mpaka vidole vikanyooka. Kisha Jacques akaokota vidonge.

"Maman, njo nini hii?"

"Ni Kwaresima," Adélaïde akasema.

Daktari alivuta kiti, akaketi. Kama angefoka, Adélaïde angejua la kufanya, maana kufokewa anakujua na kufoka anakujua zaidi. Lakini Mélanie alimwomba tu amweleze. Akaelezwa yote, Luhwindja, kijiko, Majivu, mpaka "miye pia". Aliposikia yote, akasema ukweli wake naye. Chembe zilizopatikana ni chache mno, hazitoshi kuchunguzwa. Utafiti unataka chembe za mtu ambaye hajapitisha mwaka tangu augue, na mwaka wa Adélaïde unaisha kwenye juma la Pasaka. Wanaweza kujaribu mara moja tena, Jumatano ya Juma Takatifu, baada ya mwili kupumzika.

"Lakini mara hii utatafuna vidonge mbele ya Jacques. Na utabeba maziwa, ju mwili yako iko na upungufu ya calcium tangu mwanzo wa Kwaresima. Vidonge pengine haitatosha. Na ukisema hapana, maman, ni hapana. Hakuna mutu atakukasirikia."

Adélaïde aliteremka nyumbani polepole. Alihisi aibu, na aibu ni nguo asiyoizoea.

Alianza kwa Padri Grégoire, kwa sababu kwa padri ndiko rahisi. Padri alisikiliza huku akijizuia kutabasamu.

"Maman, dawa ni dawa. Tafuna vidonge yako na usahau. Na maziwa yenyewe, Kanisa haikukuomba. Ulijiongezea. Mungu anakufungulia, na miye nakufungulia kwa jina yake."

"Asante, mon père. Lakini sikuahidi Mungu peke yake. Niliahidi na mutoto yangu."

Padri aliacha kutabasamu. "Ile, njo yeye tu anaweza kuifungua," alisema.

Hapo ndipo penye shida. Kila neno ambalo Fanny alikuwa amelisema tangu Majivu lilikuwa limetoka kupitia nadhiri ile. Kama mama ataivunja, mlango utajifunga tena, na safari hii labda moja kwa moja. Na kama hataivunja, hizo chembe zitabaki mwilini mwake bila faida kwa mtu yeyote, na watoto wengine watalishwa kwa kijiko nyuma ya vituo vya afya. Adélaïde, ambaye hajawahi kumwogopa mteja, polisi wala mama mkwe, alimwogopa binti yake. Alianza kumwambia mara kadhaa, na kila mara akaishia kusema habari za kuni.

Mwishowe alimwambia wakiwa wanaosha mabidoni uani, Jumanne ya Juma Takatifu, maana hakukuwa tena na siku ya kukimbilia. Alisema yote bila kupamba. Fanny aliendelea kusugua. Alisugua bidoni lililokwisha kung'aa.

"Weye njo ulisema kwanza, mama," alisema. "Miye sikukuomba."

Akaweka bidoni chini na kuingia ndani. Jioni ile chai ilinywewa bila neno.

Jumatano asubuhi Adélaïde alijaza chupa mashanza kama daktari alivyoagiza. Akaiweka mezani. Akaitazama. Kisha akavaa kitenge chake, akatoka, na chupa akaiacha palepale. Vidonge atatafuna, alijiambia. Padri amesema dawa ni dawa. Maziwa hapana. Mwili utajua wenyewe.

Jacques alimlinda safari hii kama anayelinda benki. Alimtazama akitafuna, akamwomba afungue kinywa, akaangalia hata chini ya ulimi. Alipouliza maziwa yako wapi, akaambiwa yamesahauliwa. Hakuamini, lakini mashine ilikuwa tayari na vipimo vyake vilikuwa vizuri, naye daktari akaruhusu kuanza polepole.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Mfuko mdogo ulianza kujaa kitu cha rangi ya waridi iliyofifia, si damu na si maji, na Adélaïde alikitazama kwa macho ya mtu anayejua bidhaa bora. Halafu midomo ikaanza kuwasha. Safari hii alisema, kama alivyoahidi. Jacques akapunguza mwendo wa mashine, akampa kidonge kingine. Midomo ikatulia, ikaanza tena.

"Tumefika ku nusu," daktari alisema. "Maman, sasa mwili yako inaomba maziwa. Bila ile nitasimamisha, sitangoja vidole vikunjike. Jacques anaweza kukimbia ku duka."

"Asikimbie," Adélaïde akasema.

"Basi, tusimamishe?"

Aliufikiria ule mfuko, nusu yake tupu. Alimfikiria Fanny uani na bidoni linalong'aa. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa pande mbili na hakuwa na hata mmoja wa kujifunika uso. Wanawake wa aina yake hawalii mbele ya watu, na yeye alikuwa karibu kabisa kulia mbele ya watu. Daktari alisimama, akapeleka kidole kwenye kitufe.

Mlango ukabishwa.

Fanny aliingia akihema, maana mteremko ule ukiupanda haraka unakukomoa. Alikuwa na chupa ya mashanza mkononi. Alimsalimu daktari, akamsalimu Jacques, kisha akamtazama mama yake juu ya kile kiti, mikono imenyooshwa, midomo imekauka.

"Uliisahau ku meza," alisema.

"Sikuisahau, mwanangu."

"Najua."

Akavuta kiti akaketi karibu na kichwa cha mama yake. Akafungua chupa. Kisha akatia mkono kwenye fundo la kitenge chake, akatoa kijiko kidogo cha chuma. Adélaïde alikitambua kabla hakijatoka chote, na moyo ukampiga mpaka mashine ikalia na Jacques akalazimika kuituliza.

Fanny alijaza kijiko. Tone likaanguka kwenye kitenge cha mama, hakulijali.

"Funua kinywa, mama," alisema. "Kidogo tu."

Adélaïde akafunua kinywa. Mashanza yalipita baridi na machachu, yakashuka. Machozi nayo yalishuka, mpaka masikioni, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, Fanny aliyafuta kwa upindo wa kitenge. Akajaza kijiko cha pili, na cha tatu. Dokta Mélanie aliondoa kidole kwenye kitufe. Jacques aligeukia dirishani na kuanza kuchunguza ziwa kana kwamba hajawahi kuliona.

"Na weye," Adélaïde akasema. "Tulisema pamoja."

Fanny akakitazama kijiko. Akakijaza, akakaa nacho mkononi, halafu akakitia kinywani mwake mwenyewe na kumeza.

"Iko na chachu muzuri," alisema. "Elysée alikuwa anapendaka ile ya chachu."

Mashine iliendelea kuzunguka. Fanny akajaza kijiko tena, na mama yake akafunua kinywa.